Meza ya Bi Hermínia

Meza yenyewe ina mguu mmoja mfupi.
Aliusawazisha kwa ree ya shupaza, imekunjwa mara nne,
na tangu hapo karata zake hazikutimia tena.
Juu ya meza hiyo, miaka arobaini na sita,
Fall River, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu,
ziliandikwa fomu za watu wa São Miguel
walioshuka mtaani kwetu na sanduku moja moja.

Fomu ya uraia. Ya pensheni. Ya mtoto kuingia shule.
Ya Senhor Gualter aliyekatwa vidole viwili na mashine,
na kampuni ikauliza kwa herufi kubwa: VIDOLE VIPI?
Bi Hermínia aliushika mkono wake,
akaulaza juu ya karatasi, akauzungushia mstari,
akaandika pembeni: Hivi ambavyo havipo.

Mchana alishona kola za makoti kiwandani.
Jioni alivua kastabani, akashika kalamu.
Hakulipisha. Waliomwachia dola chini ya sahani
aliwarudishia Jumapili, ndani ya bahasha,
mlangoni mwa kanisa, watu wakitazama.
Wakaona haya, wakaanza kuleta mayai.
Mayai aliyapokea.

Na ikifika sikukuu ya Roho Mtakatifu
aliamka saa tisa usiku kuchemsha nyama ya umati.
Maandamano yalipita na taji la fedha, na bendera nyekundu;
hakuyaona hata mwaka mmoja.
Aliyasikia tu, bendi ikikata kona,
kupitia dirisha la jiko la ukumbi,
mikono yake imejaa mnanaa.

Mama yangu alifika kwake hajui kuandika jina.
Bi Hermínia akampa foronya na uzi wa buluu:
"Anza na sindano. Sindano umeizoea."
Jina la mama liko chini ya kichwa changu hadi leo,
herufi ya kwanza kubwa kuliko zote,
kama mtu anayebisha hodi kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Sasa kiharusi kimemjia usiku
kikabeba Kiingereza chote,
kama mwizi anayejua chombo gani kilinunuliwa kwa jasho.
Kireno kimeachwa.
Daktari ni kijana, anasema haraka, kisha anasubiri.
Ananitazama mimi,
mimi mwenye Kireno cha kuombea chumvi.

Nikaanza. Damu. Kichwani. Kidogo.
Akafungua jicho moja.

"Umepunguza," akasema.
"Yeye amesema mengi, wewe umenipa matatu.
Sikiliza. Msimamizi alimtukana baba yako kiwandani,
akamtukania na mama yake aliye kaburini.
Nikatafsiri: anasema umechoka, nenda kapumzike.
Baba yako akamshukuru. Akampa mkono!
Hiyo ni moja. Nimeiungama kwa mapadri watatu.
Nyingine zote nilizifikisha nzima:
saratani, talaka, barua ya kufukuzwa nyumba.
Sikumpunguzia mtu.
Haya, rudia."

Nikarudia.
Nilikwama, nikaomba daktari arudie naye,
nikatafuta maneno kama mtu anayepapasa swichi
katika chumba alicholala utotoni.
Nilipofika kwenye kifo nililikosea neno,
nikalisema kiume.

"Kwetu kifo ni mwanamke," akanisahihisha,
sauti ileile ya kusahihisha tahajia.
Akanyamaza muda mrefu. Nikadhani amelala.
Mashine ililia, ikatulia.

"Na fomu yao," akasema, "wamekupa?
Isome yote kwanza, na ile ya nyuma.
Usijaze kwa penseli."